Ng'ambo na Ngambo: Historia ya Hitilafu Moja ya Windows Katika Uchambuzi wa Matini za Kazimia

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza historia ya hitilafu ambayo wanafunzi wetu wa isimu hukutana nayo karibu kila mara wanapojaribu kuchambua matini za Kiswahili kwa kompyuta zenye Windows. Skripti inaamriwa iingize sehemu fulani inayoihitaji, nayo inajibu kwamba sehemu hiyo haipo. Aghalabu jambo hili huhesabiwa kuwa la mafundi, na pengine msomaji atauliza linatafuta nini katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu letu ni neno moja, yaani ng'ambo. Neno hilo, kama lilivyorekodiwa kutoka kwa wavuvi na wazee wa Kazimia, lilikaribia kuingia katika tasnifu ya mwanafunzi wetu likiwa na sura ambayo wasemaji wengi hawakulitamka nayo, na chanzo chake hakikuwa sikio la mtafiti wala kinywa cha msemaji. Chanzo chake kilikuwa mlolongo wa maamuzi yaliyofanywa na watengenezaji wa programu kati ya mwaka 1963 na mwaka 2019, mbali sana na Ziwa Tanganyika.

Tutatumia istilahi hitilafu badala ya kosa. Neno kosa humtafuta mkosaji, na tumeshuhudia wanafunzi wakiona haya mbele ya kioo cha kompyuta kana kwamba wametenda dhambi. Hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni tofauti, kutolingana. Ndivyo mambo yalivyo hasa: skripti inatarajia hiki, kompyuta ina kile. Kadhalika tutatumia kusakinisha kwa maana ya kuiweka programu katika kompyuta. Istilahi hii ilipoanza kuenea, wengine waliikataa kwa kuwa ni ngeni, ilhali sakini ni kukaa mahali kwa utulivu, na kusakinisha ni kumfanya mgeni awe mkaazi. Tutaona kwamba matatizo mengi tunayoyajadili ni ya wageni waliopokewa nyumbani bila kuonyeshwa vyumba vilipo.

2.0 Kazimia na neno ng'ambo

Kazimia ipo kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Baraka, katika wilaya ya Fizi, mkoa wa Kivu ya Kusini. Wenyeji wa Fizi walio wengi ni Wabembe, na kandokando ya ziwa wako Wabuyu na wengineo. Kiswahili kilifika huku na biashara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji. Kikawa lugha ya soko, mtumbwi na kanisa, na leo husikika katika kila shughuli inayokutanisha watu wa makabila mbalimbali. Hata hivyo, Kiswahili cha upande huu hakikupitia mikono ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji na haikuwamo. Shule na misheni ziliandika Kiswahili kwa desturi zao wenyewe, na lugha ya ofisi ikawa Kifaransa.

Upana wa ziwa ni takriban kilomita 50 kwa wastani, na historia ya Fizi katika miaka ya karibuni ni historia ya kuvuka. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara na Wakuba wenzake walivuka kutoka Kigoma kwenda Kibamba kuwasaidia waasi wa Fizi. Walipewa majina ya siri ya tarakimu za Kiswahili, naye Guevara akaitwa Tatu. Mwaka 1975 wapiganaji wa chama cha Laurent Kabila, waliokuwa na ngome yao katika milima ya Fizi, walivuka kwenda Gombe na kuwateka watafiti wanne. Mwaka 1996, vita vilipoanza, maelfu ya watu wa Fizi walivuka na kupokewa mkoani Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo, na baadaye katika kambi ya Lugufu iliyodumu hadi 2009.

Katika masimulizi ya watu hawa neno ng'ambo halikosekani. Msimulizi aliyerekodiwa Kazimia akisema ng'ambo anakusudia Kigoma, na jamaa yake aliyerekodiwa Nyarugusu akitamka neno hilohilo anakusudia Kazimia. Mwanafunzi wetu, mzaliwa wa Fizi, alivutiwa zaidi na sauti yake ya kwanza. Wako wasemaji wanaotamka nazali tupu ya kaakaa laini, kama ilivyo katika Kiswahili sanifu, na wako wanaoifuatisha nazali hiyo na kipasuo g, neno likawa ngambo. Alitaka kujua ni nani anayesema vipi: wazee au vijana, waliobaki au waliokimbia na kusomeshwa kambini. Swali lake ni la haki kabisa katika elimu ya lahaja. Katika maandishi, tofauti yote hiyo hubebwa na alama moja ndogo, ambayo wengi wetu huiandika bila kuitazama.

3.0 Skripti hutafuta wapi?

Kabla ya kueleza yaliyotokea inafaa turudi nyuma kidogo. Programu ya leo haiandikwi yote mahali pamoja. Mwandishi huandika kurasa zake chache, kisha huagiza sehemu zilizotengenezwa na wengine: sehemu ya kukata sentensi, ya kusoma mafaili, ya kuhesabu. Watu wa Kigoma wana mfano mzuri zaidi kuliko wowote ulio katika vitabu vya kompyuta. Meli ijulikanayo leo kama Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yaliletwa Dar es Salaam kwa bahari, yakapelekwa Kigoma, na meli ikaundwa upya na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Fundi aliyekuwa Kigoma aliagiza bomba akitarajia kwamba sanduku lake limefika, limewekwa mahali panapojulikana, na ndilo la meli hii, si la nyingine. Amri ya kuingiza katika skripti ina masharti hayohayo matatu.

Sharti la mahali ndilo kongwe. Toleo la kwanza la MS-DOS, la mwaka 1981, halikuwa na folda ndani ya folda. Mafaili yote ya diski yalikaa pamoja, na swali la wapi halikuwapo. Folda zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, na pamoja nazo orodha iitwayo PATH, inayoiambia kompyuta ipite wapi kutafuta programu iliyoitwa kwa jina tu. Alama ya kutenganisha folda ikawa mkwaju ulioinama kinyume, kwa sababu mkwaju wa kawaida ulikwisha kutumika katika toleo la kwanza kwa kazi nyingine. Mpaka leo mwanafunzi anayenakili anwani ya faili kutoka kitabu cha Linux na kuihamishia Windows hulipa deni la uamuzi huo.

Sharti la tatu, la sanduku la meli hii na si la nyingine, lilileta madhara makubwa zaidi. Tangu Windows ya mwaka 1985 programu ziliweza kutumia kwa pamoja vipande viitwavyo DLL, kwa nia njema ya kuokoa nafasi. Katika miaka ya 1990 kila programu iliyosakinishwa ilileta toleo lake la kipande na kulifunika lililokuwapo katika folda ya mfumo. Programu mpya ilifanya kazi, ya zamani ikafa, na mwenye kompyuta hakuelewa ni kwa nini. Windows 2000 iliweka ulinzi juu ya mafaili ya mfumo, na Windows XP ya mwaka 2001 iliruhusu matoleo tofauti ya kipande kimoja kukaa bega kwa bega.

Lugha ya Python, ambayo wanafunzi wa isimu huipenda kwa wepesi wake, ilianzishwa na Guido van Rossum huko Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kutolewa hadharani mwaka 1991. Ina orodha yake yenyewe ya kutafutia moduli, na aghalabu mahali pa kwanza katika orodha hiyo ni folda ilimo skripti yenyewe. Jambo hili dogo tutalikuta tena. Mwezi Desemba 2008 likaja toleo la 3.0, lililobadilisha mengi makusudi, pamoja na majina ya moduli kadhaa. ConfigParser ikawa configparser, na StringIO ikahamia ndani ya io. Skripti za zamani zilizoagiza kwa majina ya kale zilianza kujibiwa kwamba wenye majina hayo hawapo. Toleo la 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Zana maarufu ya uchambuzi wa lugha iitwayo NLTK, iliyoanzishwa na Steven Bird na Edward Loper katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2001, imeyapitia mabadiliko hayo yote.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi ya kuchambua matini kwa kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza mwaka 1985, na makala yake ya mwaka 1992 ilionyesha jinsi mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili inavyoweza kuelezwa kwa kanuni za ngazi mbili. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa Kamusi katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Lakini mwanafunzi wetu hakutumia hata kimojawapo cha violesura hivyo. Kompyuta yake ilizungumza Kifaransa, skripti yake Kiingereza, na kanda zake Kiswahili.

4.0 Yaliyotokea

Mwaka 2021 mwanafunzi huyo alikuwa Baraka, akiwa na kompyuta ya mkononi yenye Windows 7 ya biti 32, umeme wa jua na mtandao wa simu uliokuwa ghali na wa kusuasua. Tulimtumia skripti ya zamani ya idara, inayosoma mafaili ya matini, kuyakata maneno na kuyapanga kwa idadi. Tulidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua majuma matatu, na lawama nyingi ni zetu, kwa sababu sisi tuliijaribu kwenye kompyuta mpya yenye mtandao wa kudumu.

Alianza kwa kupakua Python 3.9, ikakataa kusakinishwa. Toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 3.8, nalo linataka Windows hiyo iwe imepata kifurushi cha marekebisho cha mwaka 2011. Hayo yakatimizwa. Kisha akaandika python, na Windows ikamjibu kwa Kifaransa kwamba haiijui amri hiyo. Wakati wa kusakinisha kuna kisanduku kidogo chini ya dirisha kinachouliza kama Python iongezwe katika PATH. Kwa kawaida hakina alama, na yeye, kama wengi, alikipita. Programu ilikuwamo ndani ya kompyuta, lakini hapakuwa na aliyeonyeshwa chumba chake. Dawa ni kuita py, kizinduzi kinachowekwa na kisakinishi cha Python katika folda ya Windows tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kwenye Windows 10 mtego ni mwingine: tangu mwaka 2019 neno python lisilojulikana hufungua duka la programu la Microsoft, na mwanafunzi hudhani anadaiwa fedha.

Hapo ikaja NLTK. Kwa kuwa mtandao haukutosha, mwenzake alimletea vifurushi katika diski ya flashi. NLTK yenyewe imeandikwa kwa Python tupu na hukaa popote, lakini inategemea kifurushi kingine, regex, chenye kipande kilichotafsiriwa katika lugha ya mashine, na kipande cha namna hiyo lazima kilingane na toleo la Python na biti za programu. Vifurushi vya flashi vilikuwa vya biti 64. Kisakinishi kilivikataa, na kilikuwa na haki. Mwanafunzi, kwa uhodari unaostahili sifa na uliomponza, alikifungua kifurushi kama faili la zip na kuinakili folda yake kwa mkono mahali zinapokaa nyingine. Python ikasema moduli haipo. Alitupigia simu kwa hasira: faili analiona kwa macho yake, lipo, jina lake ni lilelile! Kumbe jina hilo lilikuwa na mkia win_amd64, na Python ya biti 32 haitazami hata mara moja faili lenye mkia huo. Inatafuta mkia wa win32 au jina lisilo na mkia. Hapa neno haipo lina maana ya si kwa ajili yangu, na tunaona ni udhaifu wa lugha ya programu kutotofautisha mambo hayo mawili. Ni kweli kwamba toleo la 3.6 la mwaka 2016 lilianza kutenganisha moduli isiyoonekana kabisa na moduli iliyoonekana lakini ikashindwa kuingia. Kwa kisa chetu tofauti hiyo haikusaidia.

Kilipopatikana kifurushi kinachofaa, skripti ilikwama tena, safari hii kwa malalamiko ya ajabu, kwamba NLTK imeingizwa nusu na inajizunguka yenyewe. Sababu ilikuwa jina. Akiwa amechoka kutafuta faili la kazi yake, mwanafunzi aliliita nltk.py. Tumekwisha kusema kwamba Python hutafuta kwanza katika folda ya skripti. Ilipoagizwa kuleta NLTK ililikuta faili la mwanafunzi, ikalileta hilo, nalo likaagiza NLTK, na mzunguko ukaanza. Alipolibadilisha jina likawa kazi.py, hitilafu hiyo ikatoweka. Tunawashauri wanafunzi wayape mafaili yao majina ya Kiswahili. Ushauri huu si wa uzalendo hata kidogo: haielekei kwamba kuna moduli mashuhuri iitwayo mtumbwi.

Yalibaki mawili, nasi tutayapita haraka. NLTK haiji na data zake. Kanuni za kukata sentensi hupakuliwa mbali, na kwa mwenye mtandao hafifu ni lazima zinakiliwe kwa mkono katika folda yenye jina maalumu. Na moduli yetu ndogo, herufi.py, aliyoiandika upya kwa Notepad, haikuonekana kwa sababu Windows, kwa desturi iliyoanza na Windows 95, huficha mkia wa majina ya mafaili. Jina lake la kweli lilikuwa herufi.py.txt.

Baada ya hayo yote skripti ilianza kusoma kanda zilizoandikwa. Ilisoma mistari michache ya faili la kwanza, ikasimama. Ilisema haiwezi kuisoma baiti 0x92.

5.0 Baiti 0x92

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Kiwango cha ASCII cha mwaka 1963 kilitoa nafasi ya 39 kwa alama iliyonyooka, itumikayo kwa kazi zote: kufunga maneno ya msemaji, kuonyesha herufi iliyodondoshwa, na kwetu sisi, kutofautisha ng' na ng. Wachapaji hawakuipenda kwa kuwa si nzuri kwa macho. Microsoft, katika jedwali lake la herufi la Ulaya ya Magharibi liitwalo 1252, iliweka alama iliyopinda katika nafasi ya 146, yaani 0x92, ambayo katika kiwango cha kimataifa cha 8859-1 haikupewa herufi yoyote inayoonekana. Programu ya Word hubadili alama iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Yeye aliandika ng'ambo kwa kitufe kilichopo chini ya tarakimu ya 4 katika kibodi ya Kifaransa, Word ikampindishia, naye akahifadhi matini zake kama maandishi tupu. Katika diski, kila ng'ambo, kila ng'ombe na kila king'ora kikawa na baiti 0x92.

Skripti yetu, kwa upande wake, ilitarajia UTF-8, mpango uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwezi Septemba 1992 ili kuziandika herufi za Unicode kwa baiti moja au zaidi. Katika UTF-8 alama hiyohiyo iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu, na 0x92 haiwezi kamwe kuanza herufi. Kwa hiyo programu ilisimama na kutaja mahali hasa ilipokwama. Msomaji atambue kwamba hiyo ilikuwa huduma njema. Msomaji wa mashine alikutana na jambo asilolielewa, akauliza.

Aliyeulizwa alikuwa amechoka. Majuma matatu ya kupambana na moduli zisizopatikana yalikwisha kumfundisha kwamba kila ujumbe mwekundu ni kizuizi cha kuondolewa, na rafiki yake alikuwa na dawa: mwambie Python ipuuze isichokielewa. Ni kuongeza maneno mawili tu katika amri ya kufungua faili, errors='ignore'. Akayaongeza. Skripti ikakimbia mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, bila lalamiko hata moja, na orodha ya maneno ikatoka.

Katika orodha hiyo ng'ambo haikuwamo hata mara moja. Ilikuwapo ngambo peke yake, katika kila faili lililoandikwa kwa Word, msemaji awe mzee au kijana, awe wa Kazimia au wa Nyarugusu. Kupuuza baiti 0x92 ni kuifuta, na ukiifuta katika ng'ambo kinachobaki ni neno jingine linalokubalika kabisa, ambalo tena ndilo mtafiti alilokuwa akilitafuta! Laiti kungebaki takataka kama zile tunazoziona pale UTF-8 inaposomwa kwa jedwali la 1252, herufi yenye kofia ikifuatwa na alama ya fedha za Ulaya, mtu yeyote angeshtuka. Hapa hapakuwa na la kushtusha. Sura ya tatu ya tasnifu ikaandikwa, ikieleza kwamba wakaazi wa ufuko wa Fizi wameiacha nazali tupu bila tofauti ya umri wala makazi, na sisi wasimamizi tuliisoma na kuisifu.

Tunakiri kwamba hatukuigundua hitilafu kwa ujuzi wa kompyuta. Mmoja wetu aliomba kusikiliza kanda ya mzee mmoja wa Kazimia kwa sababu nyingine kabisa, akitaka kujua habari za uvuvi wa dagaa kwa taa. Mzee alisimulia jinsi walivyovuka usiku wa mwaka 1996, na kila alipotaja ng'ambo alitamka nazali tupu isiyo na shaka. Tukamwita mwanafunzi. Alisikiliza mara tatu, akafungua faili lake la Word, akaonyesha kwamba aliandika ng' kwa usahihi. Alikuwa amesikia vema na kuandika vema tangu mwanzo. Basi tukarudi nyuma kutoka orodha hadi skripti, mpaka tukayakuta yale maneno mawili.

6.0 Marekebisho

Kwa mafaili mengi dawa ilikuwa rahisi. Skripti iliambiwa isome kwa jedwali la 1252, ibadili alama iliyopinda na iliyonyooka ziwe alama moja, kisha ihifadhi kwa UTF-8. Tulichagua alama ya Unicode yenye namba 02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi na si kituo, ili programu za kukata maneno zisiigawe ng'ambo vipande viwili. Wako wenzetu wanaopendelea kubaki na alama iliyonyooka kwa kuwa ndiyo iliyopo katika kibodi zote, na hoja yao ina uzito. Linalotakiwa ni kuchagua moja kabla ya kuhesabu. Inafaa pia kueleza kwamba Notepad ya Windows 10 ilianza mwaka 2019 kuhifadhi maandishi kwa UTF-8 kama kawaida yake, ila kompyuta zilizopo Baraka na Fizi si zote za mwaka huo.

Orodha mpya ilionyesha picha tofauti na ile ya sura ya tatu. Mwenyewe ataieleza atakapoichapisha, na si haki yetu kumtangulia. Itoshe kusema kwamba zote mbili, ng'ambo na ngambo, zimo, na hazikugawanyika kwa namna tuliyoitarajia.

Ila kuna mafaili machache ambayo hayakuokolewa. Mwanafunzi, akidhani kwamba orodha ya kwanza ni sahihi, alihifadhi matini zilizopitishwa katika skripti juu ya zile za asili, ili kupata nafasi katika diski iliyojaa. Katika mafaili hayo alama haipo tena. Hakuna programu inayoweza kujua ni ngambo ipi iliyokuwa ng'ambo na ipi iliyosemwa hivyo tangu mwanzo. Kwa bahati kanda zenyewe zipo, isipokuwa moja iliyoharibika kwa unyevu, ambayo msimulizi wake alifariki Nyarugusu kabla kazi haijakamilika. Kwa hizo nyingine mwanafunzi amerudi kwenye sikio. Anasikiliza kwa vifaa vya masikioni, neno baada ya neno, na pembeni ya kila ng' anaandika dakika na sekunde ilipotamkwa.